Anwani Kwenye Kuta Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Duka la dawa limeshusha bango langu. Miaka kumi na moja limekaa pale, jua na mvua, na hakuna herufi iliyobanduka. Leo asubuhi nimelikuta limeegemezwa kwenye mtaro. Mlangoni juu pamebandikwa flexi — plastiki inayong'aa, na picha ya daktari anayecheka. Daktari gani hucheka hivyo? Mwenye duka akaniambia nisichukie, ni mambo ya kisasa tu, tena imetoka kwa saa moja. Sikumuuliza imetoka kwa nani. Mtaa mzima una mashine moja, na mashine hiyo ni ya mdogo wangu.

Watu wamemsahau jina, wanamwita Mashine. Tulijifunza brashi pamoja, mimi na yeye, kwenye chumba cha mbele cha nyumba hii hii. Herufi ikilala, baba anakupiga vidole kwa rula. Baba alipofariki, mwenzangu akakopa, akanunua printa kubwa kama kitanda. Mimi nikabaki na chumba na makopo.

Sasa anakitaka na chumba. Mashine ya pili haina pa kukaa. Jana Mama aliamua mbele yetu wote wawili: mpaka tarehe thelathini na moja. Nikipata kazi ya kueleweka kabla ya hapo, chumba kinabaki changu. Nisipopata, kinakuwa chake, nami niende kwake nikabandike stika kwenye vioo vya magari. "Sibagui," akasema, "wote nimewazaa." Mtu akianza hivyo ujue keshabagua.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamua. Naingia mtandaoni.

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake, yaani mimi, ambaye akitumiwa picha kwenye simu huuliza inafunguliwaje! Lakini wazo ni lake mwenyewe. Anasema mtaani hapa hawataki tena brashi, ila mbali kuna watu wanaoitafuta na hawaipati. Vibao vya mlangoni, vya mbao, jina limeandikwa kwa mkono. Jina la biashara tulilipata tukiosha vyombo: Herufi za Mkono.

Tukaenda kwa dada wa kompyuta, yule mwenye chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ana feni moja, na ameielekeza kwenye kompyuta, si kwa wateja. Alinieleza polepole kama anayelisha mtoto. Tovuti ataitengeneza kwa kiolezo cha bure. Picha nipige mwenyewe, maneno niandike mwenyewe. Cha kulipia ni kimoja tu, anwani. Unailipia kwa mwaka, na ukishailipia hakuna mwingine duniani anayeweza kuitumia. Akaangalia palepale: herufizamkono, nukta, na zile herufi zao za mwisho. Haina mwenyewe. "Mama, lipia leo," akasema.

Leo nikilipia, sinunui mbao. Nikamwambia wiki ijayo. Akainua mabega.

Nani atalitaka jina langu? Miaka miwili hii hata kazi yangu yenyewe haina anayeitaka.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya picha. Shuka jeupe la Mama ukutani, kibao juu ya stuli, binti na simu yenye kamera iliyopasuka. Kila picha ina ufa kwenye pembe. Tukawa tunaikata pembe. Picha mia na kitu, zinazofaa tatu.

Kisha maneno. Dada wa kompyuta anataka sehemu iitwayo "Kuhusu Sisi". Sisi nani? Mimi na brashi. Niliandika: "Naandika herufi tangu nina miaka tisa. Sijawahi kukosea jina la mtu." Binti akaona ni kavu, akataka niongeze "ubunifu" na "ubora wa hali ya juu". Maneno hayo nimewaandikia watu mara elfu, nayajua yalivyo matupu. Nimeacha langu.

Mama alipita akauliza shuka lake ataliosha nani.

Jumanne, 11 Machi

Hela ya matangazo sina. Kumbe hata huko mtandaoni unalipa ili uonekane — yaani unalipa kiingilio, ukishaingia unalipia na taa.

Lakini rangi iliyobaki ninayo, na mji huu una kuta. Nimefanya mkataba wa kizamani: nakuandikia bango lako bure, unanipa kona ya ukuta wako niandike anwani yangu. Kinyozi alikubali kabla sijamaliza kusema. Shule ya msingi nayo imekubali. Mwalimu mkuu anataka jedwali la kuzidisha kwenye ukuta wa ndani, mimi nipewe ukuta wa barabarani. Mwenye lori la maji kanipa nyuma yote ya tangi. Tangi linalozunguka mji mzima, kutwa mara sita!

Namba ya simu siandiki. Nimebadilisha namba mara tatu kwa ajili ya wezi, na kuta za marehemu baba mpaka leo zina namba ambazo hakuna anayezipokea. Anwani haibadiliki.

Binti akauliza, si ulipie kwanza ndipo uandike? Nikamjibu kama baba alivyokuwa akitujibu: bango kwanza, duka baadaye. Kazi yetu ndivyo ilivyo. Sijawahi kuandika bango la duka lililokwisha kujaa. Unamwandikia mtu "Karibuni Wateja" na ndani kuna panya peke yake. Bango ndilo linalomwambia mwenyewe kwamba sasa ana duka.

Nilijiona nimesema la maana.

Ijumaa, 14 Machi

Kuta tisa. Mgongo haunyooki.

Ukuta wa shule nimeumaliza leo. Herufi za urefu wa mkono mzima, bluu, na kivuli chembamba cha rangi ya machungwa. Sijawahi kuandika vizuri kuliko hivi. Nilivuka barabara nikasimama ng'ambo nikaziangalia, na moyo ukatulia.

Mashine akapita na pikipiki. Akasimama. Aliangalia kwa muda mrefu, mpaka magari nyuma yake yakapiga honi. "Mkono bado unao, dada," akasema. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Mtu ambaye ndiye aliyeniua, akinisifia napona.

Hela ya anwani nimenunulia rangi ya machungwa. Nitalipia wiki ijayo.

Jumatano, 19 Machi

Kuta kumi na nne! Kopo la bluu limekwisha, nimelikwangua mpaka kwenye kingo. Kibao kimoja cha mlangoni nimemwuzia nesi jirani. Amelipa. Kesho naenda kwa dada wa kompyuta.

Alhamisi, 20 Machi

Imechukuliwa.

Dada wa kompyuta aliandika mara mbili akidhani amekosea. Kisha akageuza kioo nione mwenyewe, ingawa sijui nilichokuwa nakiona. Imenunuliwa Ijumaa iliyopita. Nani? Jina la mnunuzi limefichwa, inaruhusiwa. Nikamuuliza tunairudishaje. Akaniangalia kwa huruma. Sipendi kuangaliwa hivyo na mtu wa umri wa binti yangu. Akasema tunaweza kuweka kistari katikati ya maneno, itakuwa anwani nyingine, nayo haina mwenyewe.

Kistari. Kuta kumi na nne na lori la maji, dada, unaniambia kistari.

Sikula. Binti hakusema "nilikwambia". Bora angesema.

Jumamosi, 22 Machi

Ile anwani imefunguka. Jana ilikuwa nyeupe tupu. Leo binti kaifungua kwenye simu, akanipa nisome.

Juu kabisa: HERUFI ZA MKONO. Chini yake: mabango, flexi, stika, mihuri, kazi kwa saa moja. Chini zaidi, namba ya simu.

Namba hiyo sihitaji kuisoma mara mbili. Niliiandika mimi. Bango la kwanza la duka la Mashine, alipokuwa bado hajawasha umeme wa ile mashine, alikuja kuniomba mimi nimwandikie, na nikamwandikia. Bure. Ni mdogo wangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeuandika msemo huo kwenye magari ya watu miaka ishirini, sikujua najiandikia mwenyewe.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwita mbele ya Mama. Kaja na mkate na sukari, kama anayekuja kuangalia mgonjwa.

Hakukana. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alisema alipopita shuleni siku ile aliingia kwenye simu kutazama, akakuta anwani haina mwenyewe. Akaogopa mtu baki asije akainyakua. Akailipia. "Nimekuokolea, dada. Hujui watu wa siku hizi walivyo."

Nikamwambia basi nipe.

"Nitakupa."

Lini?

Hapo maneno yakawa mengi. Ameshaingia gharama. Namba yake ameiweka kwa muda tu, wateja wasipotee. Na kwa nini tushindane, mtu na ndugu yake? Nihamie kwake, jina liwe hilo hilo, wanaotaka brashi niwaandikie mimi, wanaotaka flexi awafanyie yeye, na chumba cha mbele kiingie mashine. Kila kitu kimepangwa, mpaka pa kuweka stuli yangu. Nikamuuliza tangu jana ilipofunguka ni wangapi waliopiga simu. Akasema wachache. Nikamuuliza ni wangapi waliotaka brashi, na wangapi aliowauzia plastiki. Akasema mteja ni mteja.

Mama akasema cha ndugu hakipotei. Nikamwambia kweli Mama, hakipotei, kinaonekana kabisa kilipo.

Akaniambia nisimjibu hivyo. Nikaomba radhi. Mashine akabaki anakata mkate.

Jumanne, 25 Machi

Nimeanza kufuta.

Rangi nyeupe niliyo nayo inatosha kuta tatu. Nimeanzia kwa kinyozi. Akasimama na mashine yake ya kunyolea mkononi, mteja nyuma yake kanyolewa upande mmoja, akaniuliza nimepatwa na nini. Nilipomweleza alisema kumbe ndiyo maana — jamaa yake alifuata ile anwani akitaka kibao cha mbao, akapewa cha plastiki, naye akadhani nimebadilisha kazi. Nimeupaka ukuta wake nyeupe. Baadaye nimeandika namba yangu ya simu juu yake, nyembamba, kwa rangi nyeusi. Haipendezi.

Shuleni mwalimu mkuu amekataa. Wakaguzi wanakuja wiki hii, ukuta usiguswe mpaka waondoke. Tena anasema ndio ukuta mzuri kuliko zote walizo nazo. Nilisimama pale ng'ambo ya barabara. Ni kweli.

Nikiwa narudi lori la maji likanipita. Dereva akapiga honi, akanipungia mkono, mtu mwema. Anamtangaza Mashine kutwa mara sita, na mimi nikampungia.

Jumamosi, 29 Machi

Siku mbili. Simu imelia mara moja, mtu amekosea namba.

Mashine kaja na futi ya kupimia mlango. Alipima urefu, upana, akaandika kwenye kiganja. Alibisha hodi kwanza, sikatai. Akauliza kama rafu za baba zinang'oka au zimejengewa ukutani. Nikamwambia akaziulize.

Nina hasira na yeye, lakini nyingine ni juu yangu mwenyewe. Niliambiwa lipia leo. Binti aliniuliza. Nilikuwa na kiasi hicho mkononi nikakigeuza kivuli cha machungwa. Baba naye, na bango lake kwanza! Zamani zake nani angeweza kukuibia duka kwa kusoma bango?

Jumatatu, 31 Machi

Saa nne asubuhi nilikuwa nafunga brashi kwenye gazeti. Mashine akaingia. Nilitegemea watu wa kubeba, kaja peke yake na boksi. Akaliweka mezani, akakaa kwenye stuli yangu, akasubiri Mama alete chai.

Ndani kuna vibao thelathini na sita vya mbao, vimekatwa, vimepigwa msasa, vimepakwa rangi ya chini.

Kumbe ni hivi. Kuna mwanamke anafungua nyumba ya wageni. Vyumba thelathini na sita, kila chumba jina la ua. Aliuona ukuta wa shule, akafuata anwani, akampata Mashine. Mashine akampelekea sampuli za plastiki, yule mwanamke akazirudisha zote. Anataka mkono ule ule ulio ukutani, hataki mwingine, na anafungua Ijumaa. Mashine akamwambia hakuna shida. Kapokea kazi. Kaahidi!

Nikapekua boksi. Chini kabisa kulikuwa na kibao kilicholazwa kifudifudi. Nikakigeuza. Alijaribu mwenyewe. Ameandika "Waridi". W imeanza vizuri, imeanza kama baba alivyotufundisha, mkono ukishuka unakandamiza, ukipanda unalegeza. Kufika R umetetemeka. Pale kwenye D amefuta, ameandika, amefuta tena mpaka mbao imeota vinyuzi.

"Mkono umenitoka, dada," akasema. Alikuwa anaongea na kikombe.

Huyu ndiye aliyekuwa akinishinda herufi za mviringo. Baba alikuwa akiniletea O zake nizitazame. Nimesubiri miaka nimwone ameshindwa, nilidhani nitacheka. Nikakirudisha kile kibao kifudifudi.

Kisha akaeleza masharti, na hasira ikarudi mahali pake. Niandike mimi, apeleke yeye. Mteja ni wake kwa sababu amekuja kwa anwani yake. Jina la nyumba ya wageni hakulitaja, namba ya mwenyewe anayo yeye. Nami nitapata fungu langu. Chumba? "Hilo tutaongea."

Nikamwambia anwani kwanza. Twende sasa hivi kwa dada wa kompyuta, aihamishie kwangu nikiona, na namba ya mteja nipewe. Nikitoka pale ndipo nafungua kopo.

Akasema kazi kwanza, dada. Muda hakuna. Anwani haikimbii.

Haikimbii! Nikamwambia atoke.

Katoka, lakini hajaondoka. Yuko uani. Anazunguka na simu sikioni, anakaa juu ya ndoo, anainuka. Mama kaja kuniambia mtoto wake ataaibika mjini. Nikamuuliza mimi ni mtoto wa nani. Akawa anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Kisha akasema leo ndiyo tarehe aliyoitaja, na hataki kuonekana mtu asiye na neno. Vibao thelathini na sita ni kazi ya kueleweka. Kama kazi ni yangu, chumba changu. Kama ni yake, chake.

Nikamuuliza, Mama, na wewe unaonaje, ni ya nani?

Akasema amesahau maji jikoni.

Saa nane mchana. Dada wa kompyuta hufunga saa kumi na moja. Mashine amechungulia mara moja, nimemwonyesha mlango kwa kidole. Asipokubali, Ijumaa ile nyumba ya wageni inafunguliwa na milango isiyo na majina, na aliyeahidi ni yeye. Na mimi jioni hii nakosa chumba. Akikubali, nina chumba, nina anwani, nina mteja, na nina siku nne za vibao thelathini na sita. Ni kukaa tu; akijua nimeshaanza hata kibao kimoja, hatakubali tena. Aliyekaa muda mrefu ndiye atakayepata. Naandika haya ili mikono iwe na kazi.

Saa tisa. Orodha ya maua ameiacha mezani. La kwanza ni Yasmini. Y ya mwanzo inataka nafasi kushoto, asiyejua ataibana, na M katikati itakula kibao. Nilitaka kuona tu kama jina linaenea. Penseli si rangi. Penseli inafutika.

Saa tisa na nusu. Bado yuko uani. Vibao sita vina mistari tayari, na majina matatu nimeshayachora yote. Wala sikumbuki kuvitoa kwenye boksi.

Mama amesimama mlangoni. Ameangalia meza, ameangalia penseli sikioni mwangu, ameniangalia mimi. Ameweka birika chini, anaelekea uani.